Pumba za Mpunga Ufuoni Rakwaro

Homa Bay
11 Februari 1991

Shemeji Habiba,

Salamu kwako na kwa nyumba yote ya marehemu Badru. Huku sisi wazima, ila joto limetuzidi. Mashine inatoa jasho kuliko mimi.

Nakuandikia yale tuliyozungumza kwako Kaloleni, asije mmoja wetu akasema alisikia vingine. Bloki moja ya barafu ni shilingi arobaini, kwako Kisumu na kwangu Homa Bay, kwa mwenye gari na kwa mwenye baiskeli. Kutoka Kisumu mpaka Kendu Bay wateja ni wako. Ukishapita Kendu kuja huku ni wangu, na ufuo wa Rakwaro umo ndani. Na hili ndilo kubwa: mmoja akishusha bei au akivuka mpaka, mwenzake anashusha pia, wiki hiyo hiyo. Hakuna kuulizana wala kutumiana wazee. Kila mtu akijua adhabu iko tayari, hatajaribu.

Wenye viwanda vya barafu kwenye ghuba hii ni mimi na wewe tu. Tukigombana, atakayecheka ni mnunuzi wa mbuta. Tukishikamana, atanunua kwetu apende asipende, maana samaki hangoji.

Usinipigie simu. Simu inapitia kwa dada wa posta, naye anaimba kwaya moja na Beldina, yule mchuuzi mwenye magari mawili anayenunua kwako na kwangu. Tena kuna hiyo sheria mpya inayokataza wauzaji kupatana bei. Ukimaliza kusoma, choma.

Wako,
Laban Oketch


Kisumu
15 Februari 1991

Shemeji Laban,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa karani wa meli. Sikuichoma. Nimeilaza sandukuni chini ya nguo zangu za eda, mahali ambapo hakuna mkaguzi wa bei atakayetia mkono.

Nakubali bei, nakubali mpaka. Hilo la kutoulizana ndilo linalonitisha. Watu wanasema mengi, na biashara ya watu wawili ina masikio manne na midomo mia. Lakini wewe na mume wangu Badru ndio mliojifunza barafu pamoja, mimi nimeirithi tu, basi nitafuata.

Wala usihangaike kunichunga. Mimi nafunika barafu yangu kwa pumba za mpunga kutoka Ahero, wewe unafunika kwa maranda ya seremala. Barafu ikiyeyuka, uchafu wake unabaki chini. Mimi nikiiba mteja wako, utaniona kwa macho yako.

Jambo moja ulijue kutoka kwangu kabla ya kulisikia kwingine. Wale wenye kiwanda kipya cha minofu ya samaki walikuja kuniuliza kama nauza mashine. Niliwapa chai na jibu la hapana.

Shemeji yako,
Habiba


Kisumu
22 Aprili 1991

Shemeji Laban,

Najua tulisema hakuna kuulizana. Nauliza.

Jana Beldina alisimama kiwandani kwangu, mikono kiunoni, akasema, “Mama Habiba, wewe unanichinja na arobaini, na Laban ananipea thirty-five. Si unipee bei ya mtu mzima?” Nilimwambia barafu yangu ni arobaini hata akija amebeba kiti cha chifu. Akaondoka na bloki kumi na mbili tu. Kwa kawaida yeye huchukua thelathini.

Hizo kumi na nane amezinunua wapi? Sisemi ni kwako. Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana, nami nitaliamini.

Habiba


Homa Bay
26 Aprili 1991

Shemeji,

Hapana. Hilo ndilo neno lako.

Sasa na mimi niseme. Beldina huyo huyo alikuwa hapa Jumanne, ananiambia wewe unampa kwa thelathini na nne. Mimi sikukuandikia. Nilimfukuza. Kwa nini wewe umeniandikia? Kanuni ilikuwa hakuna kuulizana, na wa kwanza kuuliza ni wewe. Kuna mtu huuliza kwa sababu ana shaka, na kuna mwingine huuliza ili aonekane msafi. Sijui wewe ni yupi. Natumaini ni wa kwanza.

Ili ulale vizuri, nimemwita karani wangu Oduor mbele ya wafanyakazi wote nikamwambia hakuna bloki itakayotoka hapa chini ya arobaini, hata akija mama yangu mzazi. Hakuna nyongeza, hakuna kipande cha juu, hakuna cha leo nisaidie. Atakayekiuka aende zake. Nimefanya hivyo kwa sababu yako. Wewe je, umefanya nini kwa sababu yangu?

Na wale wa minofu, wamerudi tena kunywa chai?

Laban Oketch


Homa Bay
20 Mei 1991

Bi Habiba,

Jumamosi tulimzika binamu yangu Dishon kule Rakwaro. Ulimfahamu, alikuwa anakuja na marehemu Badru kuangalia mpira. Mwili ulikaa nyumbani siku tano, kumngoja kijana wake mkubwa atoke Mombasa, maana kwetu baba hafukiwi kabla huyo hajatia udongo. Mimi nilikuwa Kisii kutafuta vipuri vya mashine, nikafika siku ya mazishi yenyewe.

Barabara imekatwa na mvua. Gari linaishia ufuoni, halafu watu wanapanda kwa miguu mpaka bomani. Niliposhuka kurudi garini nilitazama chini. Nikaona pumba. Pumba za mpunga, Bi Habiba, si maranda, nyingi, zimelowa na kukanyagwa, za siku tatu au nne. Nilizigeuza kwa kiatu changu nikahakikisha.

Watu wote wako msibani, mimi mwenyewe nina huzuni, na wewe ukaona huo ndio wakati mzuri wa kuingiza lori lako kwenye ufuo wangu. Ulinipa wewe mwenyewe kipimo cha kukujua, kwa utani, na mimi nikadhani ni uaminifu. Wavuvi niliwauliza. Kila mmoja akaangalia ziwa. Umewalipa wanyamaze?

Kwa kanuni sipaswi kukuuliza. Nakupa wiki moja kwa heshima ya Badru.

L. Oketch


Kisumu
24 Mei 1991

Shemeji Laban,

Poleni sana kwa Dishon. Mungu awape subira.

Pumba ni zangu. Lori ni langu. Sikuuza bloki hata moja Rakwaro, wala sikumlipa mtu anyamaze. Zaidi ya hapo siwezi kukueleza, kwa sababu nimeombwa nisieleze, na hata nisingeombwa, dini yangu inanifundisha kuna mambo ambayo mtu akiyatangaza ameyaharibu.

Najua jibu hili ni baya. Ningekuwa wewe, nisingeliamini. Nakuomba uliamini.

Habiba


Homa Bay
27 Mei 1991

Bi Habiba,

Lori lilikuja na barafu, halikuuza, likarudi. Unanifanya mtoto.

Kuanzia leo bloki yangu ni shilingi thelathini, na lori langu litauza Kendu Bay.

L. Oketch


Kisumu
12 Juni 1991

Bwana Laban,

Nilivumilia wiki mbili kwa arobaini yangu, nikitazama mabloki yakikaa chumbani kama wageni wasio na kwao. Kendu Bay yote imejaa maranda yako. Wiki hii nimeshuka hadi ishirini na tano, si kwa hasira. Nisiposhuka, nafunga.

Beldina alipita jana akicheka. Sasa hana haja ya kudanganya. Anasimama katikati tu, anangoja nani atashuka kesho. Bei ambayo hakuipata kwa uongo wake, wewe umempa bure.

Chini ya ishirini na mbili mimi napata hasara, nawe pia, mashine zetu ni ndugu. Nakuandikia hesabu hii ili ujue sitaki vita. Ukitaka kuitumia kuniua, unaweza.

Habiba


Homa Bay
8 Julai 1991

Bi Habiba,

Nimepata barua yako na nimeisoma mara mbili. Mtu hamwambii adui pale panapomuuma, ila kama hapo si penyewe. Nadhani una mtu nyuma yako. Nadhani ni wale wa minofu. Wamekuahidi kukubeba mpaka mimi nianguke, halafu mgawane ghuba. Hiyo chai waliyokunywa kwako haikuwa ya bure.

Bei yangu ni kumi na tano. Nimeuza ng'ombe wanne kulipa dizeli. Nitauza na wengine. Mke wangu ananiambia nimepata wazimu, na pengine ni kweli, lakini sitakuwa wa kwanza kupepesa macho.

L. Oketch


Homa Bay
22 Julai 1991

Shemeji Selpha,

Natumaini hali yako na watoto ni nzuri tangu tulipomzika mumeo Dishon. Samahani kukusumbua ukiwa bado kwenye majonzi.

Nina kesi na mwanamke wa Kisumu anayeitwa Habiba, mwenye barafu. Alileta lori lake ufuoni kwenu siku zile za msiba akauza kwa siri. Wavuvi wananificha. Wewe boma lako liko juu pale, unaona kila kinachoshuka. Nataka uniandikie majina ya walionunua na bei waliyopewa, uweke sahihi, nami niipeleke kwa wazee wa Kaloleni, aaibike mbele ya watu wake. Amenirudisha nyuma miaka kumi.

Andika ukweli tu. Usimwogope.

Shemeji yako,
Laban


Rakwaro
29 Julai 1991

Yuora, shemeji yangu Laban,

Mimi mzima. Watoto wazima. Barua yako nilisomewa na mwalimu, halafu nikamwambia asome tena. Hii ni maneno yangu, mwalimu anaandika.

Unataka jina ya mwenye alipata barafu ya Habiba. Jina ni Dishon.

Siku bwana yangu alikufa, jua lilikuwa kali na kijana alikuwa mbali Mombasa. Nilituma shemeji yako, ndugu yangu mdogo, kwako Homa Bay na shilingi mia moja, hiyo tu ndiyo ilikuwa kwa nyumba. Tulikuwa tunataka bloki sita kila siku. Karani wako Oduor akasema bloki ni arobaini, mia moja ni bloki mbili. Akaambiwa ni ya maiti, ni ya ndugu ya Laban. Akasema, “Mzee alisema hata mama yake mzazi.” Alikuwa analia akisema hivyo, usimfukuze. Ndugu yangu alirudi na bloki mbili kwa baiskeli, zikayeyuka njiani, akafika na gunia ya maji.

Dada yangu anakaa Obunga, hapo Kisumu. Akaenda kwa huyo mama Mwislamu, akasimama kwa mlango. Huyo mama hakuuliza bei, aliuliza tu siku ngapi. Lori ilikuja siku nne. Watu walibeba barafu kwa kichwa kutoka bichi mpaka kwangu, na Dishon alingoja mtoto wake akiwa na sura yake. Nilimuona. Alikuwa yeye.

Mimi ndio nilimuomba Habiba asikwambie. Nilisema, huyu ni ndugu ya bwana yangu, akijua atashindwa kusimama mbele ya ukoo. Na wavuvi niliwaambia wanyamaze. Tulikuwa tunakufunika wewe.

Siku ya mazishi ulisimama bichi, kichwa chini, unapangusa mchanga na kiatu. Sisi wamama tukasema, angalia Laban vile ameumia, hata kutembea hawezi.

Sahihi ndiyo hii. Peleka kwa wazee ukitaka.

Selpha, nyar Kano, binti wa Kano


Homa Bay
31 Julai 1991

Shemeji Habiba,

Selpha ameniandikia.

Sijui nianzie wapi. Nimejaribu mara tatu nikachana. Nilidhani barafu aliyolalia Dishon ni yangu. Sikumuuliza mtu, niliona ni wazi tu kwamba ni yangu, imetoka kwangu, nani mwingine angempa? Nilikaa msibani nikila chakula cha watu na moyoni nilikuwa najipongeza. Halafu nikashuka ufuoni kuhesabu pumba zako.

Oduor nilimwita leo asubuhi. Alisimama mlangoni akidhani namfukuza. Nikamshika mkono tu. Alinitii. Mimi ndiye niliyemfundisha. Naona aibu mpaka mbele ya mashine.

Shemeji, napandisha bei leo, arobaini, hata nisipouza bloki moja. Kendu Bay nimetoka. Lori langu lichukue, uzibe hasara yako nalo. Nitakuja Kisumu nipige magoti mbele ya yeyote unayemtaka. Niambie tu hujafunga.

Shemeji yako, kama jina hilo bado ni langu,
Laban


Kisumu
9 Agosti 1991

Shemeji Laban,

Jina bado ni lako. Barua yako ilifika Alhamisi ya wiki jana. Mashine nilikuwa nimeiuza Jumanne, siku mbili kabla.

Wameichukua wale wa minofu, kwa bei ya chuma chakavu, maana walijua siwezi kungoja. Sikuwa nao ulipoandika kwamba niko nao. Wewe ndiye uliyewaleta. Nimekasirika, Laban, nisikufiche. Siku nyingine napita pale nikisikia ile mashine ya Badru inanguruma chini ya mikono ya wengine, nageuza njia. Lori lako silitaki. Nitafungua genge la viungo na mafuta ya nazi, watu wa Kaloleni hawataniacha nilale njaa.

Badru alipofariki, ulifika tukiwa tumeshazika. Uliumia, nakumbuka ulisema hukumwona. Kwetu maiti hangojwi, ni siku ile ile. Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nauza barafu nikidhani ni kitu cha samaki. Dada wa Selpha aliposimama mlangoni ndipo nilipokukumbuka wewe, jinsi ulivyozunguka lile kaburi ukitafuta uso. Ile barafu ilikuwa ya Dishon, lakini niliitoa kwa ajili yako pia. Ndiyo maana ile barua yako ya kiatu iliniuma kuliko bei zote ulizoshusha.

Sasa nisikilize, maana hii ndiyo sababu ya kuandika. Kabla hawajatia sahihi, mkubwa wao aliniuliza habari zako. Alitaka kujua unaweza kustahimili bei gani na kwa muda gani. Nilielewa mara moja. Wakijua huwezi, watauza kwa kumi miezi mitatu, nawe utakuwa umekwisha, kisha ghuba nzima ni yao na barafu itakuwa shilingi mia.

Mimi nikamwambia unaweza kuuza kwa kumi mwaka mzima. Nikamwambia una ng'ombe wasiohesabika, una kichwa kigumu, na hujui kurudi nyuma. Akatabasamu, akasema wafanyabiashara wote husema hivyo. Nikamuuliza, “Wewe si umeona alivyonifanya mimi, mjane wa rafiki yake, kwa ajili ya pumba?” Hapo akaacha kutabasamu. Aliniamini kabisa.

Leo wametundika bei yao mlangoni: arobaini. Nawe kaa hapo hapo arobaini. Usiwaandikie, usiwapigie simu, usikae nao meza moja hata harusini. Wao wakuone, wewe uwaone, basi. Na wasikuone ukiuza ng'ombe tena.

Nimekupakilia magunia mawili ya pumba kwenye meli hii, yalibaki ghalani. Usiyatupe. Msiba ukibisha kwako, toa barafu, usiulize bei, na uifunike kwa pumba hizo badala ya maranda, wa minofu wasidhani umeshusha bei. Watu watasema ni Habiba, halafu watakumbuka Habiba hana mashine tena. Waache wajiulize. Wakija kwangu kuuliza, sitakanusha.

Shemeji yako,
Habiba